Jua, Mifupa na Uzazi wa Mwanamke

Leo tuna somo la historia. Ukimtajia mtu historia ya Raskazone, mara moja atafikiri habari za Novemba 1914, askari wa jeshi la Waingereza waliposhuka ufukoni kupigana na Wajerumani na kushindwa. Lakini leo hatusemi habari za vita. Twasema historia ya jua, na kazi yake katika mwili wa mwanamke. Kiongozi wa darasa na aandike ubaoni neno hili kwa herufi kubwa: VITAMINI. Kila mtu alisome kwa sauti, kisha tuendelee.

Somo hili limetokana na swali. Darasa moja la akina mama hapa Raskazone limetuletea barua. Mwenzao mmoja ameolewa mwaka wa sita sasa, na hajapata mtoto. Muuza dawa mmoja amemwambia kuwa damu yake imepungukiwa na vitamini ya jua, na kwamba hiyo ndiyo sababu hashiki mimba. Akamwuzia vidonge kwa fedha nyingi. Nyumbani nako mawifi wanasema kosa ni lake mwenyewe, kwa kukaa ndani na kuvaa buibui. Mama huyu anauliza: Je, ni kweli? Swali hili si dogo. Kwa jibu lake mwanamke huweza kuachwa, au kuletewa mke mwenza, au kuitwa tasa mbele ya watu. Basi tusilijibu mbiombio. Tuanze mbali, tulipo na hakika.

Zamani, kiasi cha miaka 370 na zaidi iliyopita, madaktari wa Uingereza waliona ugonjwa ukiwashika watoto wadogo. Mifupa yao ililainika kama mti mbichi. Mtoto akianza kusimama, miguu ilipinda kwa uzito wa mwili wake, akawa na matege makubwa. Daktari mmoja jina lake Francis Glisson aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mwaka 1650. Aliueleza vizuri sana, lakini sababu yake hakuijua.

Baadaye miji ya Ulaya ilijaa viwanda. Moshi wa makaa ya mawe ulifunika anga, nyumba zikabanana, vichochoro vikawa vyembamba hata jua halikufika chini. Huko ndiko ugonjwa ulikozidi. Mwaka 1822 daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliona jambo ambalo wengi walikuwa wakilipita tu: watoto wa mji wa Warsaw walikuwa wagonjwa, na watoto wa mashamba ya jirani walikuwa wazima. Akasema watoto wa mjini watolewe nje, wakaoteshwe jua. Watu wachache walimsikiliza. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba kitu cha bure kama jua chaweza kuwa dawa.

Sasa hapa, akina mama, tufike kwenye jambo linalowahusu. Mtoto wa kike aliyeugua ugonjwa huu hupona mara nyingi, akakua, akaolewa. Lakini mifupa iliyopinda utotoni haikunyooka yote. Mfupa wa nyonga, ule ambao mtoto hupita katikati yake wakati wa kuzaliwa, ulikuwa umebanwa, njia ikawa nyembamba. Mwanamke huyo alishika mimba kama wengine, lakini siku ya kujifungua mtoto hakupata pa kupita. Katika miji ya viwanda wanawake wengi walikufa hivyo, au watoto wao walikufa tumboni. Kwa hiyo historia ya jua na uzazi haikuanza na wanawake wasioshika mimba. Ilianza na wanawake walioshika mimba na kufa nayo.

Katika mji wa Glasgow, Scotland, mwezi wa Aprili 1888, daktari Murdoch Cameron alimpasua tumbo mwanamke mmoja mfupi sana, Catherine Colquhoun, ambaye mifupa yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa huu tangu utoto. Mama alipona, na mtoto akatoka hai. Upasuaji huo ukasifiwa duniani. Na ulistahili kusifiwa, ila sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna haki ya kutia neno. Mwaka 1879, yaani miaka tisa kabla yake, msafiri wa Kiingereza Robert Felkin alikuwa Bunyoro, katika nchi ya Uganda ya leo. Huko alimwona fundi wa Kiafrika akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Fundi alimpa mama pombe ya ndizi kumlevya, akajiosha mikono na kuliosha tumbo kwa pombe ile ile, na baadaye akalishona jeraha kwa sindano za chuma na nyuzi za gome la mti. Mama na mtoto waliishi. Felkin alizitangaza habari hizi kwa madaktari wenzake mwaka 1884. Tumetoka kidogo njiani, lakini haidhuru; jambo hili halisemwi vya kutosha.

Turudi kwenye jua. Daktari Theobald Palm alikuwa amefanya kazi ya utabibu Japani kwa miaka mingi, na huko hakuwaona watoto wenye mifupa laini. Aliporudi kwao Uingereza aliwakuta tele. Akawaandikia barua madaktari waliokuwa China, India na nchi nyingine, akiwauliza: Je, kwenu ugonjwa huu upo? Majibu yalipofika aliyapanga mbele yake, akaona kwamba palipo na jua kali ugonjwa haupo hata kama watu ni maskini na chakula ni kidogo, na palipo na moshi na mawingu ugonjwa upo hata kama watu hula nyama. Aliandika hayo mwaka 1890. Nampenda sana daktari huyu kuliko wengine katika somo la leo. Hakuwa na mashine wala maabara. Alikuwa na kalamu na stampu za posta tu.

Ushahidi wenyewe ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 huko Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa yenye miali kama ya jua, na mifupa yao ikakaza. Akafanya jambo la akili: alimmulika mtoto mkono mmoja tu. Mkono wa pili, usioguswa na mwanga, ukapona vilevile. Maana yake nini? Maana yake ngozi ilikuwa ikitengeneza kitu, na kitu hicho kikachukuliwa na damu na kupelekwa mwili mzima. Mwaka ule ule, Edward Mellanby wa Uingereza aliwafungia watoto wa mbwa ndani, akawalisha uji, wakapata mifupa laini. Alipowapa mafuta ya ini la samaki walipona. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum alionyesha kuwa kitu kile cha ndani ya mafuta si vitamini A iliyokuwa imekwisha kujulikana, bali ni kingine. A, B na C zilikuwa zimeshapewa wenyewe, kwa hiyo hiki kikaitwa vitamini D.

Mzee mmoja wa pwani angecheka kusikia hayo. Mafuta ya ini la papa tunayajua siku nyingi. Tunayaita sifa, na harufu yake huwezi kuisahau. Lakini sisi tuliyapaka majahazi ili mbao zisioze.

Hebu tueleze kwa maneno mepesi kazi ya vitamini hii. Chini ya ngozi yako kuna mafuta ya namna fulani. Jua likiipiga ngozi, mafuta hayo hugeuka kuwa vitamini D. Hupita katika ini, kisha katika figo, na humo hupata nguvu yake. Kazi yake kubwa ni kuufanya utumbo uipokee kalsiamu iliyomo katika chakula. Kalsiamu ni ndugu wa chokaa, na ndiyo inayoufanya mfupa uwe mgumu. Ukila kalsiamu bila vitamini D, nyingi hupita na kutoka, kama mgeni aliyegonga mlango asifunguliwe. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze kiasi kile kile, na kwa upande wa pili hutukinga tusiungue. Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wenye ualbino: shauri la kuota jua haliwahusu ninyi hata kidogo. Ngozi yenu hudhurika upesi, nanyi mwafaa kujifunika na kukaa kivulini.

Basi, je, mwanamke mwenye kukaa ndani katika nchi ya jua aweza kupungukiwa? Ndiyo. Bibi Kathleen Vaughan, daktari aliyefanya kazi Kashmir katika India, aliona wanawake waliowekwa utawani tangu usichana wakilainika mifupa ya nyonga, wakapata taabu kubwa ya kuzaa, na hali wanawake maskini waliofanya kazi nje wakizaa kwa wepesi. Aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1928. Na karibu na siku zetu, mwaka 2011, ilitangazwa habari ya wanawake 41 wa Omani, wazima wa afya na wenye umri wa kuzaa, waliopimwa damu. Wote 41 walikuwa chini ya 50, kwa kipimo cha nanomoli katika lita moja. Madaktari wengi huhesabu kuwa chini ya 50 ni upungufu. Omani ina jua kuliko Tanga, lakini jua la nje halimfikii aliye ndani. Wanawake wa Kisomali waliohamia Sweden nao walipimwa, na upungufu wao ulikuwa mkubwa, kwa maana huko hata ukitoka nje wakati wa baridi, jua ni dhaifu mno.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 2012 wataalamu kutoka Uholanzi walitangaza matokeo ya kuwapima Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu wanaoishi kwa desturi zao za zamani. Wastani wao ulikuwa 115. Andikeni ubaoni namba hizi mbili, 50 na 115, muone tofauti yake. Na Wamasai hawalali juani mchana kutwa kama watalii. Jua likiwa la utosini hutafuta mti.

Mwanamke wa pwani ya Tanga yuko wapi kati ya namba hizo? Inategemea ni mwanamke gani, na wa zamani gani. Anayekwenda kutanda uduvi maji yakitoka, anayeokota chaza miambani, anayelima mwani, huyo jua analo tele. Mwanamke wa nyumba ya kiungwana zamani za watwana alikuwa na maisha mengine. Huko Lamu alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, yaani kitambaa kikubwa kilichoshikwa kwa miti na watumwa wake, asionekane. Buibui tunalolijua lilienea pwani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kwa wanawake wengi lilikuwa uhuru, kwa kuwa liliwawezesha kutoka wenyewe. Wanaolilaumu buibui husahau jambo moja: nyumba ya Kiswahili ina ua. Uani ndiko mwanamke alikopika, alikofua, alikotwanga, alikosukwa nywele, mikono wazi na kichwa wazi, na hakuna mwanamume wa kando aliyemwona. Sitara alikuwa nayo, na jua alikuwa nalo. Leo wengi wanahamia nyumba za ghorofa na vyumba vya kupanga visivyo na ua. Kwa maoni yangu, kama tunatafuta badiliko la kuangaliwa, tuutazame huo ukuta kwanza, nguo baadaye.

Haya, sasa tufike kwenye swali lenyewe: kushika mimba. Wataalamu walianza na panya. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, Halloran na DeLuca, waliwanyima panya wa kike vitamini D. Uzazi wao ulipungua sana, hata robo tatu, na waliozaa walizaa watoto wachache. Habari hii ilienea, na mpaka leo wenye kuuza vidonge huitaja. Habari ya pili hawaitaji. Mwaka 2002 DeLuca huyo huyo na mwenzake Johnson walichukua panya waliopungukiwa vitamini D wakawapa chakula chenye kalsiamu nyingi sana, na uzazi wao ukarudi. Basi kumbe shida kubwa ya panya wale ilikuwa ni ile kalsiamu iliyokosa wa kuifungulia mlango. Dagaa wakavu wanaoliwa na miiba yake wana kalsiamu nyingi, na wana vitamini D pia kidogo.

Panya si mtu, kwa hiyo wanawake nao walichunguzwa. Mwaka 2018 kulitangazwa uchunguzi wa Marekani wa wanawake karibu 1,200 waliokuwa wamewahi kuharibikiwa na mimba. Waliokuwa na vitamini D ya kutosha kabla ya kushika mimba walipata mimba na kuzaa watoto hai mara nyingi kidogo kuliko wenzao. Mwingine atasema, basi, jambo limekwisha. Halijakwisha. Nani huwa na vitamini D nyingi? Ni yule anayetembea nje, asiye na unene wa kupita kiasi, mwenye chakula kizuri na nguvu za kazi. Huenda ni mambo hayo ndiyo yaliyomsaidia, na vitamini ilikuwa imefuatana nayo tu, kama vile mwamvuli unavyofuatana na mvua bila kuileta.

Njia ya kujua kweli ni moja: uchukue wanawake wenye upungufu, uwagawe kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu, wala wao wasijue nani kapewa nini. Jambo hili lilifanywa Italia, likatangazwa mwaka 2021. Wanawake 630 waliokuwa wakitafuta mtoto kwa msaada wa hospitali, ambao mbegu hukutanishwa nje ya mwili, waligawanywa hivyo. Waliopewa vitamini walipewa kipimo kikubwa cha mara moja, yuniti 600,000. Katika hao, 37 kwa kila 100 walipata mimba. Katika wale waliopewa kitu kisicho na nguvu, walipata 40 kwa kila 100. Vitamini haikuongeza mimba hata moja.

Na hapa Tanzania, mjini Dar es Salaam, wanawake wajawazito 2,300 wenye virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa kura vivyo hivyo. Nusu walikunywa yuniti 3,000 za vitamini D kila siku, tangu mimba mpaka mwaka mmoja baada ya kuzaa. Matokeo yalitangazwa 2022. Vifo vya akina mama havikupungua, wala watoto waliozaliwa wadogo hawakupungua, wala kudumaa kwa watoto hakukupungua. Nawashukuru wanawake wale 2,300. Wametufundisha jambo ambalo muuza vidonge asingetufundisha.

Msinielewe vibaya. Vitamini D ni kitu cha lazima. Mifupa ya mama na ya mtoto wake inaihitaji, na mtu aliyepimwa akaonekana amepungukiwa hana budi kutibiwa. Jua kidogo la uani kila siku, vibua, dagaa, kiini cha yai, maini, vyote hivi ni vyema, na havina bei ya kutisha. Lakini vidonge vingi kupita kiasi hudhuru: kalsiamu huzidi katika damu, na figo huumia. Jua lenyewe haliwezi kukudhuru kwa njia hiyo, maana ngozi hujizuia ikitosheka.

Kisha kuna mfano wa Omani tuliouacha njiani. Miaka ya 1980 mwanamke wa Omani alizaa, kwa wastani, watoto wapatao wanane. Kujisitiri huko hakukuanza jana. Uzazi ulipungua baadaye wasichana waliposoma, wakachelewa kuolewa, na wakapata uzazi wa mpango. Kama kukaa ndani na kujifunika kungefunga kizazi, Omani ingekuwa nchi ya kwanza kuishiwa na watoto. Wale mawifi wa Raskazone wapelekewe habari hiyo.

Nini basi huzuia mimba zaidi katika nchi zetu? Shirika la Afya Duniani lilichunguza jambo hili katika nchi 25, na matokeo yakatangazwa mwaka 1985. Katika Afrika ugonjwa wa kuambukizwa ulitokea kuwa sababu kubwa kuliko katika mabara mengine: kisonono na wenzake, au homa iliyoingia baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika, ambayo haikutibiwa vizuri. Uchafu wa ugonjwa huacha kovu, na kovu huziba mirija ya uzazi, yai lisipate njia. Kidonge cha vitamini hakizibui mrija. Na mara nyingi mwanamke hakuuleta ugonjwa ule nyumbani, aliletewa.

Kwa hiyo jibu kwa mama yetu ni hili. Vidonge vile havikuwa sumu, lakini aliyeviuza alisema asilolijua. Aende hospitali, aulizwe habari za hedhi yake na magonjwa aliyopata, mirija yake itazamwe, na damu ipimwe kama daktari ataona inafaa. Wala asiende peke yake. Katika ndoa nyingi zisizo na mtoto shida iko kwa mume, au kwa wote wawili, na kupima mbegu za mwanamume ni kazi nyepesi kuliko vipimo vyote anavyofanyiwa mwanamke: haihitaji kisu wala sindano, na majibu hupatikana upesi. Kipimo hicho ndicho kifanywe kwanza.